Klachi ya gari la spoti kwa anayepanda Kitonga na Kawetere: namna ya kuichagua

Mwenye Altezza RS200 ya gia sita, Subaru Impreza WRX au Chaser yenye injini ya 1JZ-GTE huku kwetu Mbeya mara nyingi hana gari la pili. Hilo hilo la spoti ndilo la kazini asubuhi, la kumpeleka mama kliniki, la kuleta viazi kutoka Isongole na la kukimbilia msibani Iringa. Siku klachi inapoisha, dukani anakuta njia tatu: ya mtumba iliyokuja na injini kutoka Japani, mpya ya aina ile ile ya kiwandani, na zile za kuongezewa nguvu zinazouzwa kwa majina ya Steji 1, Steji 2 na Steji 3. Vijana wengi wanaruka moja kwa moja kwenye namba kubwa. Mimi nasema kwa milima hii, Kitonga upande wa Iringa na Kawetere kuelekea Chunya, tafuta klachi inayostahimili joto na inayokubali kubalansi (kulishikilia gari mlimani kwa klachi), hata kama haing'ati kama ya rali.

Hatua ya 1: Hakikisha klachi ndiyo mbovu

Muuza spea hatakuuliza swali hili, kwa hiyo jiulize mwenyewe. Tafuta kipande tambarare kisicho na magari, weka gia ya nne ukiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, halafu kanyaga mafuta mpaka mwisho. Mshale wa mzunguko wa injini ukiruka juu huku spidi ikisuasua, klachi inateleza. Jaribu mara moja, mbili ikibidi, maana kila ukirudia unaiunguza zaidi.

Pedali inayozama, au gia zinazogoma kuingia gari likiwa limewaka lakini zinaingia laini likiwa limezimwa, ni habari nyingine. Hapo anza na upande wa mafuta: hewa imeingia kwenye bomba, au mipira ya klachi masta (pampu za mafuta ya klachi), ya juu kwenye pedali au ya chini kwenye giaboksi, imechoka. Kubadilisha mipira ni kazi ndogo isiyohitaji kushusha giaboksi. Wapo walioshushiwa giaboksi nzima kwa kosa la mpira wa masta.

Kutetemeka nako kunadanganya. Mwezi wa sita na wa saba, gari lililolala nje Uyole linaweza kutetemeka kwenye kuondoka mara mbili tatu za alfajiri, kisha likatulia. Huo ni unyevu na kutu nyepesi juu ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini ambalo klachi hulishika), usinunue klachi kwa sababu hiyo. Kutetemeka kusikoisha kutwa nzima ndiko kwa kufuatilia: lainingi (uso wa kusuguana wa pleti ya klachi) imelowa oili, flaiwili ina madoa ya moto, au maunti ya injini imekatika.

Hatua ya 2: Jua injini yako inazungusha kwa nguvu kiasi gani

Matangazo ya magari hutaja farasi. Kinachopita kwenye klachi ni nguvu ya kuzungusha, ile inayopimwa kwa Nm (niutoni mita), na hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo dukani. Watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano ya kutotangaza zaidi ya farasi 280 mpaka mwaka 2004, ndiyo maana karatasi za magari mengi ya mbio ya miaka ile zinafanana. Nguvu ya kuzungusha haikuwekewa kikomo hicho. 1JZ-GTE ya mwanzo yenye turbo mbili ilitoa 363 Nm kwenye mizunguko 4,800 kwa dakika. Iliyofuata, yenye turbo moja na VVT-i (mfumo wa kurekebisha muda wa valvu kufunguka), inatoa 378 Nm kwenye mizunguko 2,400. Farasi ni wale wale 280, ila ya pili inaibana klachi mapema, dereva akiwa bado kwenye gia kubwa na mlima uko mbele yake. Klachi iliyochoka huanza kuteleza hapo hapo.

Kwa injini isiyo na turbo, mwinuko wetu una neno lake. Mji wa Mbeya uko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na injini inayovuta hewa yenyewe hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Altezza RS200 ya manyuali iliyoandikwa 216 Nm, ikiwa Mwanjelwa inatoa kama 180. Klachi ya kiwandani ilitengenezwa kubeba hizo 216 na ziada juu yake. Kuinunulia Altezza hiyo klachi ya 400 Nm ni kulipia kitu ambacho injini haitakigusa hata siku moja. Turbo inafidia sehemu kubwa ya hewa iliyopungua, kwa hiyo mwenye Subaru au Chaser asijipunguzie chochote. Na wote, wenye turbo na wasio nayo, mpige hesabu kwa namba ya usawa wa bahari, maana safari ya Dar ipo.

Kama kompyuta ya gari imechezewa au busti (presha ya turbo) imeongezwa, tumia namba ya baada ya kuchezewa, siyo ya kwenye karatasi. Halafu chagua klachi ambayo mtengenezaji wake anasema inabeba asilimia 20 hadi 30 zaidi ya hapo. Kinachozidi sana utakilipia kwa goti la kushoto.

Hatua ya 3: Zipime barabara zako

Kila unapoliondoa gari, flaiwili inazunguka haraka kuliko pleti, na ile tofauti inageuka joto mpaka vyote viwili viende pamoja. Kwenye tambarare joto hilo ni kadiri ya nishati ambayo gari limeipata kwa kusogea. Mlimani hesabu inabadilika. Ikiwa nusu ya nguvu inayopita kwenye klachi inatumika kulizuia gari lisirudi nyuma, kuondoka kule kule kunazaa joto mara mbili. Na ukiwa umesimama unabalansi ili usimgonge wa nyuma, gari halisogei hata inchi, basi nguvu yote inayofika kwenye pleti inageuka joto.

Sasa fikiria Kitonga siku semitrela limeharibikia kwenye kona. Foleni inapanda kwa urefu wa gari moja, inasimama, inapanda tena. Nyuma yako basi limekusogelea mpaka huoni taa zake. Dereva wa gari la spoti anaanza kuning'inia kwenye klachi kwa sababu anaogopa kurudi nyuma, na kabla hajafika juu harufu imeshaingia ndani ya gari. Siku hiyo moja inaweza kula klachi kuliko miezi mingi ya kwenda kazini. Kupanda Kawetere kuelekea Chunya ukiwa nyuma ya lori la mizigo ni hivyo hivyo, na kuingia Iringa mjini kutokea Ipogolo kuna ladha hiyo kwa kipimo kidogo.

Kwa hiyo jiulize: kwa wiki moja ya kawaida, unaondoa gari mara ngapi ukiwa mlimani au kwenye foleni? Anayekaa Mafinga na kuendesha barabara ndefu iliyo wazi ana maisha tofauti kabisa na anayekatiza Mafiati, Kabwe na Mwanjelwa kila siku kati ya matuta, bajaji na daladala zinazosimama popote. Wa kwanza anaweza kuvumilia klachi kali kidogo. Wa pili atajuta wiki ya kwanza.

Hatua ya 4: Chagua lainingi kabla ya kuchagua chapa

Uwezo wa klachi kushika unatokana na vitu vinne tu: idadi ya nyuso zinazosuguana, kipimo cha msuguano wa lainingi, mgandamizo wa presha pleti (sahani yenye springi inayoibana pleti kwenye flaiwili), na umbali wa lainingi kutoka katikati. Pleti moja ina nyuso mbili. Ikiwa msuguano ni 0.3, mgandamizo ni niutoni 6,000 na umbali wa wastani ni mita 0.1, zidisha vyote: 2 mara 0.3 mara 6,000 mara 0.1, unapata 360 Nm. Kila anayekuuzia klachi ya nguvu zaidi amegusa kimojawapo cha hivyo vinne. Muulize ni kipi.

Lainingi za kawaida, zile za nyuzi na gundi ambazo watengenezaji huziita oganiki, ndizo za kiwandani. Msuguano wake ni kama 0.25 hadi 0.35, zinashika taratibu na zinakuachia nafasi ya kubalansi. Udhaifu wake ni joto: ikizidi, gundi inaungua, uso unakuwa mweusi wa kung'aa, klachi inaanza kuteleza. Ikipoa baada ya mkasa mdogo hurudi kwenye hali yake, na hiyo sifa watu hawaithamini vya kutosha.

Kevla inadumu muda mrefu na haili flaiwili. Ila inataka kuzoezwa kwa subira, na ikishaungua uso na kung'aa mara nyingi hairudi. Kwa mtu wa foleni za Kitonga siipendekezi, hata kama muuzaji anaisifia kwamba inakaa miaka.

Seramiki ni zile pleti zenye vipande vichache, vitatu, vinne au sita, badala ya duara zima. Msuguano wake uko juu na zinahimili joto ambalo oganiki ingekuwa imeshakufa. Kwa nini basi nisizipigie debe, wakati shida yetu ni joto? Kwa sababu hazina katikati. Ama imeachia, ama imeshika. Kuliondoa gari polepole nyuma ya lori kunakuwa kuruka na kuzima, kuruka na kuzima, na kila mruko unagonga giaboksi, shafti na difu. Zaidi ya hapo zinakwangua flaiwili. Gari la rali lina fundi anayelisubiri na pleti nyingine kwenye boksi. La kwako linasubiriwa na watoto getini shuleni. Vyuma vya sinta ndio kabisa, hivyo viache vya mashindano.

Njia ya kati ipo: lainingi ya oganiki ya daraja la juu, duara zima, pamoja na presha pleti yenye mgandamizo ulioongezwa kidogo. Watengenezaji wengi huiita Steji 1. Ila hizo namba za steji hazina kipimo cha pamoja duniani. Steji 2 ya kampuni moja inaweza kuwa laini kuliko Steji 1 ya nyingine. Muuzaji akikuambia, "Kaka, hii Steji 3 ndiyo wanachukua wenye Subaru wote," mjibu kwa swali: "Inabeba Nm ngapi, na lainingi yake ni ya nini?" Akikosa jibu na boksi nalo halisemi, songa duka linalofuata.

Kwa injini isiyochezewa, klachi mpya ya kiwango cha kiwandani kutoka Aisin au Exedy inatosha, iwe Altezza, iwe Chaser. Aisin ni ya kundi la Toyota, na Exedy ni Wajapani wale wale walioitwa Daikin Seisakusho mpaka 1995. Injini yenye turbo iliyoongezwa busti kidogo, chukua hiyo ya kati. Ukishafika mahali ambapo oganiki ya pleti moja haiwezi kubeba, fikiria mfumo wa pleti mbili kabla ya seramiki: nyuso zinakuwa nne, mgandamizo hauhitaji kupanda sana, na pedali inabaki ya kibinadamu. Bei yake ndiyo inauma, na nyingine zinapiga kelele gari likiwa limesimama.

Hatua ya 5: Springi, pedali na flaiwili

Katikati ya pleti kuna springi za kumeza mtikisiko. Pleti isiyo na springi hizo usiiweke kwenye gari la kila siku, giaboksi italia.

Presha pleti kali haikuchoshi mguu peke yake. Kila unapokanyaga pedali, nguvu ile ile inasukuma krenki kwa mbele na kuegemea kwenye beringi zake za pembeni, na inapakia uma wa klachi (mkono unaosukuma beringi ya klachi) pamoja na masta zote mbili. Klachi ya mgandamizo mkubwa mno, ikichanganywa na tabia ya kusimama kwenye mataa huku pedali iko chini, inaweza kuisha yenyewe na kuondoka na injini. Weka gia huru, achia pedali.

Flaiwili nyepesi inasifiwa kwa sababu injini inapanda mzunguko haraka. Ni kweli, na mlimani ndiyo adhabu yake: uzito wa flaiwili ndio akiba inayoizuia injini kuzima unapoachia klachi. Ukiipunguza, itabidi uongeze mafuta zaidi kila unapoondoka, yaani joto zaidi kwenye pleti. Kaa na uzito wa kiwandani. Kama gari lako lina flaiwili ya vipande viwili yenye springi ndani, kwa kawaida haikerezwi. Inapimwa kama ina uchezo, ikizidi inabadilishwa. Wanaohamia kwenye ya kipande kimoja wanaokoa fedha na kununua mlio wa giaboksi gari likiwa linaunguruma pale pale.

Flaiwili ya kawaida ipelekwe kwa wakerezaji kila klachi inapobadilishwa, isipokuwa uso ukiwa safi kabisa. Madoa ya bluu na mipasuko midogo kama nywele ni alama za joto. Kuna flaiwili zenye ngazi, uso wa pleti na mahali pa kufungia presha pleti vikiwa vimo tofauti. Mkerezaji akikata upande mmoja bila mwingine, mgandamizo unabadilika na umeharibu klachi mpya kabla haijafungwa.

Hatua ya 6: Dukani, nenda na pleti ya zamani mkononi

Kutaja jina la gari peke yake hakutoshi. Peleka namba ya chesisi, aina ya injini na ya giaboksi. Kwa Subaru za turbo hili ni la lazima: kuna zinazotumia klachi ya kuvutwa na kuna za kusukumwa, kutegemea mwaka na giaboksi, na hazibadilishani. Kwenye ile ya kuvutwa, beringi inajifunga ndani ya presha pleti, hivyo fundi lazima achomoe pini ya uma kupitia tundu la pembeni kabla ya kutenganisha giaboksi na injini. Ukimwona anaanza kulazimisha kwa nondo, msimamishe.

Weka pleti mpya juu ya ya zamani pale kaunta. Kipenyo kiwe kimoja. Hesabu meno ya tundu la katikati kwa kidole, moja baada ya jingine, kwenye zote mbili. Angalia kina cha ribiti (vijimisumari vinavyoshikilia lainingi): vichwa vyake vikae ndani ya lainingi kwa kiasi kinacholingana pande zote. Vidole vya springi ya presha pleti viwe kimo kimoja. Ishike usawa wa macho kuelekea mwanga na utaona kidole kilichopanda. Bandia nyingi hujionyesha hapo, kwenye meno yenye vinyuzi vya chuma, ribiti zilizopinda na maandishi ya boksi yaliyofifia, kabla hujafika kwenye bei.

Ya mtumba? Kwa Toyota nyingi, kichwa cha ribiti kikiwa kimebakiza chini ya milimita 0.3 kufika usawa wa lainingi, pleti imekwisha. Pima kwa kipimo cha kina, siyo kwa jicho. Hata ikipita, hujui iliunguzwa mara ngapi huko ilikotoka, na gharama ya kushusha giaboksi mara ya pili itameza ulichookoa. Mtumba nautumia kwa mambo mengi, klachi haimo.

Hatua ya 7: Giaboksi ikiwa chini, maliza kila kitu

Badilisha beringi ya klachi na ile ndogo ya katikati ya flaiwili au krenki kama gari lako linayo. Kagua oili sili ya nyuma ya krenki na ya mbele ya giaboksi. Tone moja la oili kwenye lainingi mpya linatosha kukurudisha gereji. Flaiwili na uso wa presha pleti vifutwe kwa dawa ya kusafishia breki, kwa kuwa vipya huja na mafuta ya kuzuia kutu. Grisi kwenye meno iwe ya kupaka na kufuta. Bolti za presha pleti zikazwe kwa kuvuka, kidogo kidogo, siyo moja mpaka mwisho.

Wakati wa kurudisha, simama hapo. Giaboksi isiachwe ining'inie kwenye pleti hata kwa dakika ambazo fundi anatafuta spana. Uzito wake unapinda katikati ya pleti, na pleti iliyopinda haiachii vizuri. Utaambiwa klachi uliyonunua ni mbovu.

Hatua ya 8: Izoeshe mjini

Klachi ya oganiki inataka kama kilomita 500 hadi 800 za mwendo wa upole, na kinachohesabika ni kuondoka na kubadilisha gia. Kwenda Iringa na kurudi ni zaidi ya kilomita 600, lakini ukiwa gia ya juu njia nzima pleti haijasuguliwa kitu. Fanya shughuli zako za mjini wiki mbili tatu, bila busti ya nguvu na bila kuvuta gari la mtu. Kitonga kisubiri. Kikikulazimu, tumia breki ya mkono kusimama, acha nafasi na gari la mbele, uondoke mara moja kwa mwendo wa kueleweka badala ya kusogea nusu mita kila mara.

Kisha pedali. Iwe na uchezo mdogo juu kabla haijaanza kusukuma. Isipokuwa nao, beringi inabaki imeegemea vidole na klachi inateleza ikiwa mpya. Na angalia kikombe cha mafuta ya klachi kila wiki kwa mwezi wa kwanza. Breki zikilika mafuta hushuka, lakini klachi ya majimaji ikilika hayashuki. Ukiona yamepungua, kuna mahali panavuja: inua mpira wa vumbi wa klachi masta ya chini na upitishe kidole ndani yake.